Jina Moja Katika Wimbo wa Kondo

Hapo zamani. Si zamani ile ya sungura na fisi, hiyo waachieni walimu. Zamani yangu ni ya juzijuzi, ya suruali za bugaluu za miguu mipana na viatu vya raizoni vya soli nene, vijana wamefuga nywele mpaka hawapiti mlangoni bila kuinama. Sogeeni. Wewe mwenye simu izime, hadithi yangu haina picha. Ninawapa kesi, na kesi hii imenishinda miaka arobaini na kitu. Niliipeleka harusini, watu wakagombana. Niliipeleka msibani, watu wakasahau kulia. Leo naileta kwenu, tuone.

Hapa Kimamba palikuwa na bendi. Ikiitwa Tufani Jazz.

Ilianza na vijana watatu wa shamba la mkonge. Mmoja Pazi, alijitengenezea gitaa kwa galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli. Mmoja Dihenga, alikuwa akipiga kila kitu kinacholia: debe, sufuria, hata mgongo wa mwenzake. Mmoja Kondo, mtoto wa jirani yangu Bi Mwavita, kazi yake kuanika singa za mkonge juani, na huku anaanika anaimba. Wengine walikuja baadaye, wa tarumbeta na wa besi, siwataji kwa sababu hawamo kwenye kesi.

Sauti ya Kondo, sijui niseme nini. Mwishoni mwa neno ilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama ya mtu aliyelia asubuhi na mchana akanyamaza. Akiimba wimbo wa furaha, wewe unamkumbuka mtu. Humjui ni nani, lakini unamkumbuka.

Klabu ya wafanyakazi ikanunua vyombo vya umeme, vijana wakaingia ukumbi wa Welfea, mambo yakaanza. Kila Jumapili saa tisa alasiri palikuwa na bugi, dansi la mchana, mpaka magharibi. Wasichana wanatoka Kilosa kwa treni, wanatoka Morogoro kwa treni, wamebeba viatu mkononi visishike vumbi. Mtindo wa bendi uliitwa Kung'uta. Kondo anaimba, anapiga magoti, anashika shati lake kifuani, paa! anachana. Vifungo vinaruka huko, wasichana wanaviokota wanagombania. Mimi sikuokota. Kimoja tu, tena kilinijia chenyewe mguuni.

Na Jumatatu asubuhi, ukipita nyumba ya Sikudhani, unamkuta yuko kwenye cherehani anashona vifungo vipya. Huyu Sikudhani ndiye fundi wa sare za bendi, na ndiye mchumba wa Kondo. Msichana mrefu, mkimya, mdomo wake umejaa pini siku zote. Tukimwambia, "We Sikudhani, huoni wenzio wanavyomkumbatia?" anatoa pini moja, anasema, "Shati wanalichana wao, lakini vipimo ninavyo mimi." Anairudisha pini.

Sasa kuna desturi moja lazima muijue, maana kesi yote imekaa hapo. Siku zile katikati ya wimbo gitaa lilikuwa linanyamaza. Pumzi moja tu. Katika pumzi ile mwimbaji anataja jina la mtu mmoja, kisha gitaa linalipuka. Ukitajwa, wiki nzima hushikiki! Kuna bibi mmoja hapa mjini, simsemi kwa kuwa bado yu hai na wajukuu zake wakali, alitajwa Jumapili, Jumanne akadai talaka. Alisema hawezi tena kuishi na mtu anayemwita "We!"

Tufani walikuwa wakali, lakini walikuwa walevi pia. Niseme uongo kwa nini? Gongo walikunywa, bangi walivuta, walipigana na bendi ya jirani wakarudi na meno ya watu. Walivunja viti vya Welfea mpaka tukawa tunacheza na viti vyetu vya nyumbani vichwani. Tuliwasema sana. Na Jumapili saa nane sote tulikuwa tumeshaoga.

Basi, siku ikafika. Barua ikatoka redioni Dar es Salaam: Tufani waje kurekodi nyimbo nne. Weee! Kurekodi wakati ule kulikuwa kama kuitwa Ikulu. Bi Mwavita, mama yake Kondo, alipita nyumba hadi nyumba. Mwanawe alikuwa amemwahidi, "Mama, siku nikiimba redioni, jina nitakalotaja ni lako." Bi Mwavita alikuwa mwanamke wa kubeba kuni, hakuna mtu aliyewahi kumtaja isipokuwa wakimtaka kazi.

Treni ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni, baada ya bugi, sauti ya Kondo ilikuwa imekauka. Hapo sikilizeni, nataka mshike makosa matatu.

Pazi alimwita pembeni, akamletea kikombe. Gongo, tangawizi na asali. Waimbaji wa siku zile waliamini dawa ya koo ni hiyo, inalainisha. "Kunywa, ndugu yangu, kesho sauti itoke kama mafuta." Kondo akanywa kimoja. Koo likawa bado. Akanywa cha pili. Akalainisha, akalainisha, mpaka kulipokucha alikuwa amelainika mwili mzima.

Asubuhi kituoni, Sikudhani akaja na sare mpya mikononi, zimepigwa pasi. Akamwona mchumba wake anakuja anapepesuka, kila bega lina msichana. Sikudhani hakupiga kelele. Alitoa pini zote mdomoni, akasema, "Kondo, chagua. Mimi au bendi. Ukipanda treni hii, kwangu usirudi."

Kondo akaketi chini, pale pale kwenye changarawe. Akalia. "Sipandi mpaka anisamehe." Sikudhani ameshageuka anaondoka. Treni inapiga honi. Ndipo Dihenga aliposhuka kutoka kwenye behewa kwa hasira, akamzaba Kondo kofi lililosikika mpaka kwenye chumba cha tiketi. "Kaa hapo, ng'ombe wewe! Nyimbo nitaimba mimi!" Akapanda, treni ikaondoka.

Mmoja alimpa kikombe, mmoja alimpa neno, mmoja alimpa kofi.

Dihenga aliimba redioni kweli. Aliimba ubeti mmoja, fundi mitambo akazima taa ya kurekodi. Bendi ikarudi kimya kimya. Na Kondo alipozinduka mchana, akaona hana bendi wala mchumba, na shavu linauma. Ikaja treni ya kwenda bara, yeye hata hakuuliza inakwenda wapi. Akapanda.

Miaka saba hatukumwona.

Bendi bila sauti ni kelele. Mwaka haukuisha, klabu ikauza vyombo. Jumapili saa tisa mji ulikuwa kimya mpaka unasikia kuku anapiga hatua. Nilikuwa nimezoea kuwachukia wale wasichana wa Morogoro, lakini walipoacha kuja niliwakumbuka hata wao. Na Kondo, wimbo wake hata mmoja haukubaki, maana hakuna uliorekodiwa. Kila mtu alibaki na kipande chake kichwani, na ukimwimbia mwenzio anasema, "Aa, haukuwa hivyo."

Mimi nilikuwa na redio. Kila Jumapili, saa ya muziki, Bi Mwavita alikuwa anakuja. Anakaa kwenye kizingiti, ndani haingii. Alikuwa anakuja na betri zake mbili kwenye pindo la khanga, asinimalizie zangu. Alijua moyoni kwamba mwanawe yuko mahali fulani katika bendi fulani, anaimba. Wimbo ukianza ananyanyua kidole, tunyamaze. Ukiisha ananiuliza, "Siye?"

"Siye, Bi Mwavita."

"Labda wiki ijayo."

Mwaka wa tatu alifariki, siku ya Ijumaa. Tulipomwosha tukafungua lile pindo. Betri zilikuwemo.

Haya. Sasa makosa mmeyashika, shikeni na wema.

Dihenga alikuwa amepata kazi kwenye genge la reli, la kutengeneza njia. Ana mke, ana watoto watano. Mwaka wa saba wakapelekwa Saranda, huko Ugogoni. Mchana mmoja wanagonga mataruma, upepo ukaleta wimbo kutoka kilabu cha pombe. Ule mkwaruzo! Dihenga akaacha nyundo ikaanguka. Mnyapara akamwambia, "Ukiondoka kwenye zamu, usirudi." Dihenga akaondoka. Akamkuta mtu amekaa juu ya gunia, ndevu mpaka hapa, anaimba wimbo wa Tufani apewe kata ya pombe. Dihenga akapiga magoti mbele yake.

"Kondo. Ni mimi."

Kondo akamtazama sana. Akainamisha kichwa, akaelekeza shavu. "Piga na hili jingine."

Dihenga akambeba mgongoni kama mtoto. Akampandisha treni ya mizigo, siku mbili, akamshusha Kimamba. Kazi ilikwisha hapo. Mke wake alipomwona mlangoni na ule mzigo, akasema, "Umefukuzwa kazi, halafu unaniletea mlevi? Mpeleke alikoharibikia."

Akampeleka kwa Sikudhani.

Sikudhani alikuwa amebakiza mwezi mmoja aolewe. Bwana Mhando, fundi saa wa Morogoro, aliyefiwa na mkewe, mpole, mtu wa sala. Mahari imetolewa, khanga zimenunuliwa, mimi nilishaona kitambaa cha gauni. Akafungua mlango, akamwangalia Kondo kuanzia nywele mpaka kucha. Akasema, "Mlaze kwenye mkeka. Kitandani hapana." Basi. Akaenda kuteka maji.

Siku arobaini. Yule mtu alitetemeka, alitapika, alitukana, aliona nyoka ukutani. Sikudhani alimfungia ndani, ufunguo shingoni. Akamlisha uji wa mtama kwa kijiko, akitemewa anafuta uso, anachota tena. Wiki ya pili Bwana Mhando akaja. Mimi nilikuwa nyuma ya ua unaotutenganisha nachambua mchele, sikuwa nasikiliza, ila masikio hayana mlango. Nikamsikia anasema taratibu, "Sikudhani, chagua. Mimi au huyo."

Maneno yaleyale! Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika.

Sikudhani akaweka kijiko ndani ya bakuli la uji. Kisha akasema, "Nenda salama, Bwana Mhando. Wewe ni mtu mwema." Khanga zikarudishwa. Na hakumpenda tena Kondo, msije mkafikiri ni hadithi ya mapenzi. Nilimuuliza mwenyewe. Akaniambia, "Dada, mapenzi yalishaisha. Nililiacha neno pale kituoni, nimekwenda kuliokota."

Na Pazi? Pazi alirudi kwenye mkonge. Mwaka wa pili baada ya Kondo kupotea, mashine ya kuchambulia mkonge, wenyewe wanaiita korona, ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mpiga gitaa! Tukasema sasa yamekwisha. Hayakwisha. Pombe aliacha siku Kondo alipopotea, hakuigusa tena mpaka kaburini. Akanunua gitaa kuukuu lisilo la umeme, akajifunza upya kwa vidole viwili na kidole gumba, miaka mitano, jirani zake wanaomba Mungu awajalie hata uziwi. Na kila mwezi, kila mwezi, aliandika barua redioni. "Tunaomba radhi kwa siku ile. Mwimbaji wetu alipata dharura. Tunaomba nafasi nyingine." Barua themanini na kitu. Hajui hata kama Kondo yu hai, anaandika.

Akatunga na wimbo. Alisema ni wa Kondo, hautaimbwa na mwingine.

Kiti chako hakijakaliwa, nakifuta vumbi kila siku,
Njia yako haijaota majani, naikanyaga mimi kila siku,
Mlango sijaufunga, komeo limeshika kutu,
Ukirudi usibishe hodi, hakuna mgeni kwetu.

Kondo yuko siku ya thelathini na nane kwenye mkeka, barua ikajibiwa.

Ilisema hivi: Njooni. Wimbo mmoja. Usizidi dakika sita. Na msituletee orodha ya majina ya wenye baa na wajomba zenu, redio si barua ya salamu. Jina moja tu litatajwa. Mkitaja la pili, utepe utakatwa.

Wakampeleka Kondo kwa daktari kwanza, maana koo lilikuwa na uvimbe. Daktari akamulika, akazima tochi. "Wimbo mmoja utaweza. Baada ya huo, bwana, utakuwa unanong'ona."

Mmeelewa lakini? Miaka yote ile, Jumapili zote zile, vifungo vyote vile, na kitakachobaki duniani ni wimbo mmoja. Ndani ya wimbo, pumzi moja. Ndani ya pumzi, jina moja.

Jumamosi asubuhi walikaa uani kwa Sikudhani, wote wanne. Mimi nilikuwa upande wangu.

Pazi akaanza. "Ndugu yangu, sikuombi kitu. Ila mkono huu unauona. Wimbo huu nitaupiga mara moja, sijui kama nitapiga mwingine. Wimbo ni wangu. Barua ni zangu. Nisingeandika, mngekuwa mmekaa hapa mnakunywa uji. Nitaje, Kondo. Watu wajue Pazi alipiga gitaa kwa vidole viwili."

Dihenga akacheka kwa pua. "Barua! Ungemwandikia nani, bwana wee, kama mimi sikuacha nyundo? Wimbo wako angeuimba nani, mbuzi wa Saranda?"

"Na wewe ulipoimba redioni, mbuzi angekuzidi."

"Hilo nimekubali. Lakini sikilizeni. Mpiga ngoma anakaa nyuma. Miaka yote ile Kondo ametaja wenye gitaa, wenye baa, wenye makalio. Mimi hakunitaja hata mara moja, na ngoma ikinyamaza wote mnaanguka. Leo sina kazi. Wanangu wananiita Baba Kofi, wamejifunza kwa wenzao. Nataka wasikie jina langu kwenye redio, lile alilonipa baba yangu. Jina tu."

Sikudhani alikuwa anashona. Akatoa pini.

"Umemleta maiti, shemeji Dihenga. Maiti haimbi. Nani aliyemfufua? Na wewe Pazi, wimbo ni wako, na yale maneno? Komeo limeshika kutu nani alilisema kama si mimi, pale kisimani, ukalikimbiza nyumbani kwenye daftari?"

Pazi akatazama chini.

"Mjini hapa nina majina mengi," akasema Sikudhani. "Mchumba wa mlevi. Aliyeachwa kituoni. Aliyerudisha mahari. Ninaposokota uzi nawasikia. Nataka mara moja niitwe jina langu kwa sauti nzuri, mbele ya nchi nzima, halafu nirudi kwenye cherehani yangu."

"Aliyemwambia achague nani?" akauliza Dihenga.

"Aliyempiga kofi nani?"

"Aliyempa kikombe nani?" wakasema wote wawili pamoja, wakamgeukia Pazi.

Pazi akasema, "Mimi. Nilifikiri ni dawa."

Halafu Dihenga akasema, "Itajwe Tufani basi, tuwe tumetajwa sote." Pazi akatikisa kichwa: mtangazaji atalitaja jina la bendi mwenyewe kabla ya wimbo, hiyo si zawadi ya mtu. Wakarudi palepale.

Kondo alikuwa hajafungua mdomo. Alikuwa amenyolewa, amekonda, anaona haya hata kukohoa. Akasema taratibu, anaitunza sauti, "Nilimwahidi mama."

Hapo hata mimi nilisogea, ua ukalia kwaru. Sikudhani akasema bila kugeuka, "Dada, zunguka tu uingie mlangoni, ua utatuangukia." Nikaingia, nikakaa, aibu sina.

Dihenga akasema kwa upole, "Mama hasikii redio tena, Kondo."

"Najua. Alipokuwa anasikia sikumwimbia."

"Sisi ndio tuko hai," akasema Pazi. "Sisi ndio tumekutoa shimoni. Mama, Mungu amrehemu, alikaa akangoja tu."

Niseme ukweli, hapo nilikasirika. Nikawaambia, "Alingoja tu? Nyinyi mlikuwa na nyundo, na gitaa, na cherehani, mikono yenu ina kitu cha kufanya. Jaribuni kungoja mikono mitupu, kila Jumapili, kwenye kizingiti cha mtu."

Sikudhani akanijibu, na jibu lake sijalisahau. "Dada, kama kungoja ni kazi, basi na mimi nilifanya kazi mbili."

Nikainama nikamwokotea pini iliyoanguka.

Wakamwuliza Kondo: utamtaja nani? Akasema, "Sijui. Nitajua gitaa likinyamaza." Hawakupata neno jingine kutoka kwake. Jumatatu wakapanda treni wote wanne, Sikudhani na sare zake, zamu hii hakuna msichana begani wala kikombe mkononi. Nilikwenda kuwasindikiza. Walikaa benchi moja, na hakuna aliyemtazama mwenzake, na isipokuwa Kondo, kila mmoja anaitembeza midomo kimya kimya. Mnajua walikuwa wanasema nini? Walikuwa wanajaribu majina yao wenyewe, waone yatatoshea kwenye pumzi ile.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Pazi, na Pazi hakuwa mtu wa kutia chumvi, hiyo ni kazi yangu.

Waliingizwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimevalishwa magodoro. Saa nne asubuhi. Dihenga akapewa ngoma ya kuazima, Pazi akapewa gitaa la umeme, la kwanza kulishika baada ya miaka saba, akawa analifuta kwa kiganja. Sikudhani akakalishwa kwenye kigoda pembeni, akaambiwa asikohoe. Fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, akanyanyua kidole. "Mara moja tu. Na jina moja tu." Taa nyekundu ikawaka.

Dihenga akaanza pole pole, kama mtu anayetembea kurudi nyumbani. Gitaa likaingia. Vidole viwili, na Pazi anasema hakuwahi kupiga vile hata alipokuwa na vitano. Kondo akafumba macho.

Kiti chako hakijakaliwa.

Sauti ilikuja. Haikuwa ile ya kuchana mashati. Mkwaruzo ulikuwa umeota mizizi, umelifunika neno zima. Sikudhani aliuma pindo la khanga asilie kwa sauti. Dihenga machozi yanadondokea ngoma, naye hawezi kuyafuta, mikono iko kazini. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Sote tuliowahi kwenda na viatu mkononi tulikuwa mle ndani, ingawa hatukuwepo.

Ukirudi usibishe hodi, hakuna mgeni kwetu.

Gitaa likanyamaza.

Kondo akafumbua macho. Mbele yake Pazi, vidole viwili juu ya nyuzi, ndiye aliyetunga wimbo na kubisha mlango wa redio miaka saba mpaka ukafunguliwa, na ndiye aliyeleta kikombe. Nyuma yake Dihenga, vijiti hewani, ndiye aliyempa mgongo wake akambeba kutoka Saranda, akapoteza ugali wa watoto watano, na ndiye aliyepiga kofi. Pembeni Sikudhani, ndiye aliyemfufua na kuiacha nyumba yake kabla hajaingia, na ndiye aliyesema chagua. Na pale mlangoni, pasipo na mtu, kuna kizingiti, na juu ya kizingiti mwanamke wa kubeba kuni amenyanyua kidole tunyamaze. Huyu hakumkosea kitu, wala hakumsaidia kitu. Aliahidiwa tu.

Mimi jina alilolitaja nalijua. Wiki mbili baadaye, wimbo ulipopigwa redioni, uwanja wangu ulijaa watu mpaka kuku walihama, nikalisikia kwa masikio haya, na kuna aliyecheka, kuna aliyeondoka bila kuaga. Silisemi. Nikilisema mtaniambia Kondo alipatia, na mimi siwaulizi Kondo alisemaje. Nawauliza nyinyi. Semeni upesi, taa nyekundu inawaka, fundi ameinamia kioo, pumzi ni moja na Kondo ameshaivuta.

Je, nani alistahili kutajwa?